Mkono Begani

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Tulia, na jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua, kwa miaka thelathini na moja ya kusimama nyuma ya kamera akiwaambia watu neno lile lile: "Tulia. Tulia hivyo hivyo." Watoto wachanga walitulia. Maharusi walitulia. Hata askari mmoja wa barabarani, mtu ambaye hajawahi kumsikiliza yeyote, alikaa kwenye kigoda cha studio akatulia kama gunia la chumvi.

Aliyetulia kuliko wote alikuwa Tulia mwenyewe. Mkono wake ulikuwa na sifa. Fundi aliyemfundisha kazi, mtu mkavu asiyejua kucheka, alimwachia kamera moja na imani moja: kwamba mpiga picha anayetumia stendi ni mtu mzima anayetaka kushikwa mkono barabarani. Stendi ya miguu mitatu ilikuwepo studio, kwa sababu ilinunuliwa pamoja na vitu vingine, lakini ilikaa juu ya kabati ikiwa imefungwa kamba, na kazi yake pekee ilikuwa kuzuia maboksi ya karatasi yasianguke. Mteja akiuliza ile ni ya nini, Tulia alijibu, "Ya wale wasiojiamini," kisha akampiga picha kali kiasi cha kuhesabu kope.

Basi usimuulize alijisikiaje siku mkono ulipoanza kutetemeka.

Ulianza msimu wa fomu za shule, studio ikiwa imefurika. Mwanzoni ilikuwa kidogo tu, kama simu inayotikisika mfukoni bila sauti. Alidhani ni uchovu. Wiki ya pili akalaumu chai, akaacha chai. Wiki ya nne akalaumu kamera, na kamera haina mdomo wa kujitetea. Picha zilitoka na watu wenye vivuli vya ziada, mashavu yaliyomwagika pembeni, macho yaliyotaka kuondoka usoni kwenda kutafuta maisha mengine.

Karani wa ofisi ya vitambulisho alikuwa mwanamke mwenye mihuri miwili, na aliokuwa akiupenda ni mmoja tu, ule wa kukataa. Picha za Tulia zilimpa raha asiyowahi kuipata. Alizirudisha kwa mafungu, kila moja na maelezo mgongoni kwa kalamu nyekundu. "Mwombaji mmoja, pua mbili." "Masikio hayaonekani, na kichwa pia." "Huyu ni nani?" Tulia alizitupia zote kwenye boksi chini ya meza, akawapiga wateja upya mara tatu, mara nne, akishikilia pumzi mpaka kijasho chembamba kikamtoka, hadi ikapatikana moja ya kufaa.

Mke wake alijua. Ndiye aliyekata picha kwa ile mashine ya kukatia ya mezani, na mtu anayekata nyuso za watu kutwa hafichwi jambo.

"Baba watoto, nenda ukaonwe na daktari."

"Daktari wa kamera?"

"Wa mkono."

"Mkono wangu una nini?" alifoka, na kikombe kikagongana na kisahani chake kikimjibu. Mke wake akarudi kukata picha.

Jumatatu moja asubuhi akaja mama yake. Mama alikuwa na miaka themanini na mbili, mwembamba, mnyoofu, mwenye ulimi ambao watoto wake sita waliuogopa mpaka leo. Alikuwa amevaa gauni la bluu lenye kola nyeupe, lile la mambo mazito tu, na kifuani bruchi, pini ya kipepeo aliyebakiwa na bawa moja. Alikaa kwenye kigoda, akaweka mkoba magotini.

"Nimekuja kupigwa picha ya jeneza," alisema.

Mkewe Tulia aliacha kukata. "Mama, jamani! Unaumwa?"

"Siumwi. Lakini sina mkataba na mtu. Mlimwona dada yangu alivyofanyiwa."

Walikuwa wamemwona. Mama mkubwa alipofariki, haikupatikana picha yake hata moja aliyopigwa peke yake. Wakaenda kumkata kutoka kwenye picha ya harusi ya watu, wakamkuza, wakamweka juu ya jeneza, akiwa na mkono wa mwanamume umelala begani mwake. Mkono wenye saa ya dhahabu. Mpaka leo ukoo mzima haujui ni wa nani. Mumewe, badala ya kulia, alikaa siku tatu msibani akiikodolea macho ile saa, na kila mwombolezaji aliyekuja kumpa pole, yeye alimwangalia kwanza kifundo cha mkono.

"Mimi nataka niwe peke yangu," mama alisema. "Nionekane ni mimi. Na anipige mwanangu, maana nimewazaa sita na ni mmoja tu mwenye mkono. Ukinipiga vizuri, sina deni tena na kamera."

Tulia alimpiga picha tano. Kwenye ya kwanza mama alikuwa na videvu viwili. Ya pili ilionyesha kola nyeupe ikiruka kama njiwa. Ya tano, ndiyo iliyokuwa na nafuu, ilikuwa na gauni la bluu, kipepeo wa bawa moja, na pale pa uso palikuwa na kitu kama mvuke wa birika.

"Umecheka, mama," alimwambia bila kumtazama.

"Mimi sijacheka tangu msiba wa dada."

"Basi ni kamera. Inataka kusafishwa. Njoo wiki ijayo."

Alikuja wiki iliyofuata, na gauni lile lile. Akaja na ya baada yake. Mara zote Tulia alipata sababu, na mara zote picha ziliishia chini ya meza. Jambo lililomkosesha raha si picha za fomu, hizo angeweza kupona nazo. Ni kwamba mama yake alikuwa amemwomba kitu kimoja tu tangu azaliwe, naye hakukiweza, na hakuwa na ujasiri wa kusema kwa nini.

Hapo ndipo alipotokea Mtaalamu.

Mtaalamu alikuwa msimamizi wa ukumbi wa maonyesho ya sanaa, ulioko jirani na posta, katika jengo ambalo zamani lilikuwa ghala la magodoro. Alivaa miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Hakuna aliyewahi kuiona imepanda machoni. Alikuja kupigwa picha ya pasipoti. Akiwa anangoja zamu yake aligonga boksi kwa kiatu, boksi likapinduka, na sakafu nzima ikajaa watu wenye pua mbili.

Mtaalamu alipiga magoti. Aliokota moja, akaokota ya pili. Akainua uso, macho yamemtoka pima.

"Nani amezifanya hizi?"

Tulia alitaka kusema shetani. "Mimi," alisema.

"Miaka ishirini," Mtaalamu alinong'ona, "miaka ishirini ninatafuta mtu atakayethubutu kuukataa uso! Upigaji picha wa dhahania, bwana. Wengine wanahangaika na majani na vivuli vya ngazi. Wewe umeingia kwenye pasipoti! Umeichukua dola yenyewe ukaitikisa!" Akageuza picha moja, akasoma maandishi mekundu mgongoni. "'Huyu ni nani?' Mungu wangu. Na mashairi unaandika mwenyewe?"

Mkewe Tulia alifungua mdomo. Tulia akamkanyaga mguu.

Tusimhukumu haraka. Mtu ambaye maji yamemfika shingoni hamuulizi anayemvuta ni nani. Kwa miezi mitatu Tulia alikuwa akilala na kuamka na neno moja, mkono, akijua kwamba siku mtaa utakapolitamka, jina lake limekwenda na maji. Na sasa alikuja mtu mzima, mwenye koti, akamletea neno jingine badala yake: mtindo. Mkono ukitetemeka ni ugonjwa. Mtindo ukitetemeka unatengenezewa fremu. Tulia akakubali kuvishwa kilemba cha ukoka, akakinyoosha vizuri kichwani.

Mtaalamu alichagua picha kumi na mbili, akaondoka nazo amezikumbatia. Picha yake mwenyewe ya pasipoti, ambayo Tulia alimpiga siku hiyo ikatoka na mapaji ya uso mawili, aliirudisha kesho yake kwa upole.

"Ya kwangu, samahani, inabidi masikio yaonekane," alisema, akaenda kupigwa studio ya ng'ambo ya barabara.

Habari zilisambaa. Gazeti liliandika kwamba mtaani kumezuka bingwa wa "picha za mtikisiko". Watu waliokuwa wakirudisha picha kwa kelele sasa walizirudia kwa kunyenyekea. Mama mmoja aliyekuwa amekataa kulipia picha ya bintiye alirudi kuuliza kama ile yenye macho matatu bado ipo. Karani wa vitambulisho alipata habari kwamba maandishi yake yanaitwa mashairi, akaanza kukataa hata picha nzuri ili aandike mgongoni.

Kisha ikaja warsha. Mtaalamu aliwakusanya watu kumi na wanne wenye kamera za bei ya shamba, akamsimamisha Tulia mbele yao awafundishe. Mtu aliyesema "tulia" kwa miaka thelathini na moja akalazimika kusema "tikiseni". Walitikisa. Walipiga picha juu ya picha mpaka mtu akawa na mti puani. Walipaka vioo mafuta ya kujipaka wakapiga kupitia humo, wakapata ukungu wenye alama za vidole. Walirusha kamera hewani zijipige zenyewe zikishuka, godoro likiwa limetandikwa chini kwa heshima ya historia ya jengo, na meneja mmoja mstaafu wa benki akalikosa godoro. Mtaalamu aliitazama lenzi iliyopasuka, akasema hiyo sasa ndiyo kazi bora ya siku.

"Mwalimu," aliuliza dada mmoja aliyekuwa na daftari, "ule mtikisiko wako unauanzia kwenye kiwiko au begani?"

Tulia aliutazama mkono wake. Ulikuwa ukitetemeka hapo hapo, bila kuambiwa, mbele ya watu kumi na wanne.

"Unaanza wenyewe," alijibu.

Kalamu kumi na nne zikaandika: unaanza wenyewe.

Maonyesho yalifunguliwa Jumamosi mchana. Ukutani picha zilikuwa zimekuzwa hadi kimo cha mtu, chini ya kila moja kikaratasi chenye jina. Waombaji wa leseni ya udereva walikuwa wamegeuka "Safari Isiyo na Usukani". Mtoto wa chekechea aliitwa "Hofu ya Kwanza". Watu walizunguka na glasi za sharubati, wakirudi nyuma hatua mbili, wakisogea mbele hatua mbili, wakitikisa vichwa kama wanaosikia muziki kwa mbali.

Tulia alikuwa katikati yao kwenye suti, akifurahi kwa shida, alipomwona mama yake mlangoni. Mkewe alikuwa amemshika kiwiko. Ndiye aliyemleta. Tulia alitaka kwenda kumzuia, maana alijua picha namba saba ni ipi. Alikuwa amemwomba Mtaalamu aiache, Mtaalamu akasema kuiacha ni kama kung'oa moyo wa maonyesho.

Na Mtaalamu alikuwa mbele ya picha hiyo sasa hivi, na watu kama thelathini wamemzunguka.

"Namba saba. 'Kuyeyuka kwa Umbo'," alisema. "Angalieni. Mtu hayupo. Msanii amemfuta mtu, kwa makusudi, kwa ukatili mtakatifu, akatuachia rangi ya bluu na hii alama, pengine ni shoka, pengine ni mwezi..."

"Ni kipepeo," sauti ilisema nyuma.

Watu wakageuka. Mama alipita katikati yao taratibu, akasimama chini ya picha. Alikuwa amevaa gauni la bluu lenye kola nyeupe. Alitazama juu kwa muda mrefu.

"Ni kipepeo," alirudia, "bawa lake moja lilivunjikia mlangoni mwaka tuliohama. Na hilo ni gauni langu."

Mtaalamu alishika miwani yake, karibu aivae. "Mama! Wewe ndiye umbo namba saba?"

"Mimi ni mama yake," alijibu, na hakumtazama tena. Alimtafuta mwanawe kwa macho mpaka akampata.

"Njoo hapa."

Tulia alikwenda. Mtu wa miaka hamsini na saba, mwenye suti, alikwenda kama alivyokuwa akienda alipovunja sahani.

"Huyu bwana anasema umenifuta kwa makusudi. Nimekuuliza mara tatu, ukaniambia nimecheka, ukaniambia kamera chafu. Sasa nakuuliza mara ya mwisho, na useme kweli. Ni makusudi, au ni mkono?"

Watu thelathini walikuwa wakisubiri. Akisema makusudi, jina lake linabaki juu, na mama yake anarudi nyumbani akijua kwamba mwanawe alimkalisha kwenye kigoda mara tatu, na gauni lake la mambo mazito, ili amfute uso kwa raha zake. Akisema mkono, basi ndiyo hivyo, Tulia amekwisha. Aliuficha mkono mfukoni. Mfuko wa koti ukaanza kutikisika, na kila mtu akauona.

Akautoa.

"Ni mkono, mama," alisema. "Unatetemeka. Siwezi kuuzuia. Nilitaka sana kukupiga vizuri, nikashindwa, nikaona aibu kukwambia."

Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Mtaalamu akapumua kwa nguvu. "Mmesikia?" alisema kwa sauti iliyokatika kwa hisia. "Mmemsikia? Anaikana nia yake mwenyewe! Mbele ya kazi yake! Hilo nalo ni onyesho!" Akaanza kupiga makofi, na ukumbi mzima ukapiga makofi, na dada mwenye daftari akaandika. Tulia alikuwa amekiri jambo kubwa kuliko yote maishani mwake, na hakuna aliyemwamini hata mmoja.

Isipokuwa mama. Aliuchukua ule mkono, akaubana kati ya mikono yake miwili, akautazama ukitikisika humo.

"Wa baba yako nao ulianzia umri huu huu," alisema. "Alikuwa akinywa supu nikiwa nimegeukia dirishani. Twende studio."

Walipofika umeme ulikuwa umekatika. Taa za studio hazikuwaka. Mwanga ulikuwa ule wa dirishani tu, wa saa tisa, ulioanguka ubavuni mwa kigoda. Kwa mwanga mdogo hivyo kamera hulazimika kukodoa jicho lake muda mrefu, na hakuna mkono, hata ule wa zamani, ambao ungeivumilia. Tulia alisimama akitazama juu ya kabati. Mkewe alivuta kiti, akapanda, akashusha stendi, na maboksi ya karatasi yakaanguka yote, kama ilivyojulikana yangeanguka.

Fundo la kamba lilikuwa la miaka mingi. Vidole vya Tulia havikuliweza. Mama alilifungua, kwa meno.

Kamera ikakaa juu ya miguu mitatu. Tulia akaitega ihesabu sekunde kumi kisha ijipige yenyewe, akarudi nyuma, mikono mitupu, kwa mara ya kwanza katika kazi yake hana la kufanya. Kamera ikapiga. Kwenye kioo chake kidogo mama alikuwepo, mzima, na kola yake, na kila mkunjo wa uso mahali pake.

Mama alivaa miwani akaangalia. "Ndiyo. Huyu ni mimi," alisema. "Lakini nimekaa kama namsubiri yule karani wenu. Hebu njoo usimame hapa nyuma."

"Mama, si ulitaka peke yako? Hii ni ya jeneza."

"Jeneza la nani?"

Tulia akaiweka kamera tena, akaenda akasimama nyuma ya kigoda. Hakujua mikono aiweke wapi; hilo alizoea kuwaambia wengine. Mwisho akauweka ule wa kulia begani kwa mama yake. Taa ndogo ya kamera ikaanza kumeta ikihesabu.

"Tulia," mama alisema bila kugeuka. "Tulia hivyo hivyo."

Alijitahidi. Mungu anajua alijitahidi.

Saa kumi umeme ulirudi, printa ikakohoa, ikatoa picha. Mkewe aliiweka mezani chini ya taa, wote watatu wakainama. Ilikuwa kali kila mahali. Ungeweza kuhesabu kope za mama. Kipepeo na bawa lake moja walionekana hadi kutu. Tulia naye alikuwepo, macho mekundu, tai imekwenda upande. Kitu kimoja tu hakikutulia: mkono wa begani, uliokuwa umeenea kwenye kitambaa cha bluu kama moshi.

"Nitarudia," Tulia alisema haraka. "Nitauweka nyuma, usionekane."

"Hurudii kitu." Mama aliivuta picha kwake. "Siku yenyewe ikifika, wewe utakatwa hapa pembeni, nibaki peke yangu. Lakini mkono muuache."

"Mama, watu watauliza tena ni mkono wa nani."

Mama aliifunika picha kwa kitambaa, akaitia mkobani, akafunga.

"Huu," alisema, "hakuna atakayeuliza."